Mali Hii ni ya Nani? Mwongozo wa Kumiliki, Kukabidhi na Kurithisha kwa Misingi ya Kiislamu

Mwaka 634, Abubakar, khalifa wa kwanza wa Waislamu, alikuwa mahututi mjini Madina, na kulikuwa na jambo moja la nyumbani ambalo halijakaa sawa. Siku za nyuma alimpa binti yake Aisha tende za wasaki 20 katika shamba lake la Ghaba. Si kidogo hicho: kwa hesabu inayotumiwa sana leo, wasaki 20 ni zaidi ya tani mbili na nusu. Baba alitoa kwa moyo mkunjufu, binti akashukuru, lakini tende hazikuchumwa wala hazikuchukuliwa. Sasa, kitandani, baba akamweleza mwanawe bila kuficha kwamba lau angekwisha kuzichuma na kuzishika, zingekuwa zake. Kwa kuwa hakufanya hivyo, siku ile zilikuwa zimeshakuwa mali ya warithi wote.

Kisa hiki kimo katika Muwatta wa Imamu Malik, na wenyeji wa Tanga, Mombasa au Unguja hawahitaji kufasiriwa. Mzee husema barazani, wazima wakisikia, kwamba banda la uani ni la Mwanaidi kwa sababu ndiye aliyemuuguza. Mzee akishazikwa, Mwanaidi hushika neno la baba, kaka zake hushika hati yenye jina la baba, na kadhi huuliza swali lile lile la Abubakar: alikabidhiwa lini?

Vitabu vya uchumi wa Kiislamu huanza na nadharia: Mwenyezi Mungu ndiye mmiliki wa kweli, mwanadamu ni khalifa aliyeachiwa amana. Aya ya 7 ya Suratul Hadid hujenga hoja hiyo, na mwongozo huu hauipingi. Ila nadharia hiyo haimsaidii mtu mpaka igeuzwe kuwa maswali ya kuulizwa juu ya nyumba, shamba au duka lenyewe. Imeingiaje mkononi? Kinachomilikiwa hasa ni nini? Nani mwingine ana haki ndani yake? Itatokaje? Katika mambo ambayo madhehebu yanatofautiana, mifano hapa inafuata zaidi Shafii, madhehebu ya Waswahili wengi wa pwani. Ibadhi, Bohora na Ithnaasheri wana taratibu zao na wanazuoni wao wa kuwauliza.

IMEINGIAJE MKONONI?

Milango halali ya kupata mali ni mingi: kazi ya mikono, biashara, uvuvi na uwindaji, mirathi, hiba, wasia, mahari, na kufufua ardhi iliyokufa. Milango iliyofungwa nayo inajulikana: riba, rushwa, kamari, wizi, ulaghai, kuhodhi chakula ili bei ipande, na kupora. Mali iliyopita mlango uliofungwa haisafishiki kwa kujengewa ukuta mzuri. Aliyeipata anatakiwa amrudishie mwenyewe, na asipojulikana itolewe kwa maslahi ya watu.

Juu ya ardhi, onyo ni kali kuliko kawaida. Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inasema kwamba anayedhulumu shibiri moja tu ya ardhi atavishwa shingoni ardhi saba. Mtu anayesogeza bikoni usiku anadhani anamwibia jirani kiambaza. Kwa hesabu ya hadithi hiyo, anajitwisha mzigo usiobebeka.

Kufufua ardhi mfu ndio mlango unaoeleweka vibaya zaidi. Mtume aliruhusu anayehuisha ardhi isiyo na mwenyewe aimiliki, lakini kuhuisha ni kulima, kuchimba kisima au kujenga. Kuzungushia miba na kuondoka hakutoshi. Umar bin Khattab, khalifa wa pili, aliweka kikomo: aliyezungushia ardhi akaiacha bure miaka mitatu hana tena haki ya kumzuia mwingine. Hata Bilal bin Harith, aliyepewa eneo la Aqiq na Mtume mwenyewe, aliambiwa na Umar abaki na kiasi anachoweza kukitumia, na sehemu iliyobaki ikagawiwa wengine.

Hata hivyo, asije mtu akafyeka mikoko kisha akasema amefufua ardhi. Abu Hanifa alishurutisha idhini ya mtawala tangu zamani, na ingawa Shafii hakuishurutisha, leo karibu kila kipande kina mamlaka yake: halmashauri ya kijiji, hifadhi ya msitu, manispaa. Ardhi yenye mwangalizi si ardhi mfu.

KITU CHENYEWE AU MANFAA YAKE?

Wanazuoni wa fikihi hutenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: kumiliki kitu chenyewe na kumiliki manfaa yake. Mpangaji ana manfaa ya chumba, hana chumba. Aliyeazimwa baiskeli ana ruhusa ya kuipanda, hana cha kuwarithisha watoto wake.

Pwani ya Afrika Mashariki imeishi na mgawanyo huu kwa muda mrefu. Mombasa kuna nyumba bila ardhi: mtu amejenga kwa fedha zake juu ya kiwanja cha mwingine na humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Kuna mashamba ambayo udongo ni wa huyu na minazi ni ya yule. Fikihi inaupokea mpango huo bila taabu. Sheria ya Kiingereza iliyoletwa na ukoloni ilikuwa na kanuni nyingine, kwamba kilichoshikamana na ardhi hufuata ardhi, na migongano mingi ya pwani imezaliwa hapo. Kwa hiyo anayenunua nyumba aulize maswali mawili badala ya moja: nyumba ni ya nani, na ardhi iliyo chini yake ni ya nani? Akinunua nyumba bila ardhi, ajue kwa maandishi kodi ni kiasi gani, inalipwa kwa nani, na mwenye kiwanja akitaka eneo lake atamlipa nini.

Tanzania Bara swali hilo lina jibu la kisheria. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake; mwananchi hupewa haki ya kuitumia, na katika hati haki hiyo huweza kufika miaka 99. Zanzibar nako, kwa sheria ya mwaka 1992, ardhi ni ya umma na mtu hupewa haki ya matumizi. Msomaji wa fikihi ataona mara moja kwamba anachokishika mtu hapo kinafanana zaidi na manfaa ya muda mrefu pamoja na jengo lililo juu yake. Hayo mawili ndiyo yanayouzwa, kutolewa na kurithiwa.

Mgawanyo huo una mipaka pia. Samura bin Jundub alikuwa na mitende yake ndani ya bustani ya Answari mmoja, yaani Mwislamu mwenyeji wa Madina, na kila alipoingia kuiangalia aliisumbua familia ya mwenye bustani. Mtume akamtaka auze, akakataa. Akamtaka abadilishane na mingine kwingineko, akakataa. Akamwambia basi aitoe hiba, naye apate thawabu, akakataa tena. Ndipo Mtume akamwamuru Answari aing'oe. Abu Daud ndiye aliyepokea kisa hiki, na kimekuwa mfano wa kanuni kwamba haki ya mtu haitumiki kumdhuru mwingine. Anayetaka kufungua baa ya muziki, karakana ya kuchomelea au shimo la majitaka ukutani kwa jirani hawezi kujitetea kwa kusema tu kwamba kiwanja ni chake. Tazama pia utaratibu wenyewe: Samura alifunguliwa milango mitatu kabla ya shoka kushikwa. Wasuluhishi wa mtaa wana cha kujifunza hapo.

SHAHIDI NA KALAMU

Aya ndefu kuliko zote katika Kurani ni ya 282 ya Suratul Baqara, na mada yake ni kuandika deni: mwandishi awe mwadilifu, mdaiwa ndiye aimlishe, mashahidi waitwe, na watu wasichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Aya hiyo pia inahimiza kuweka mashahidi wakati wa kuuziana. Kwa hiyo kauli ya "sisi ni ndugu, hatuandikiani" ni ya mazoea tu, haina msingi katika Kitabu.

Anayenunua kiwanja au nyumba afuate hatua hizi.

Kwanza, hakikisha muuzaji anamiliki anachokiuza. Mtume alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Dalali ana maneno, hana milki. Kama eneo limepimwa, lipekue katika masjala ya ardhi. Kama halijapimwa, nenda serikali ya mtaa au kwa sheha, kisha waulize majirani wa pande zote nne.

Pili, uliza kama mali hiyo ni ya mirathi. Ikiwa ni ya marehemu, mrithi mmoja hawezi kuuza fungu la mwenzake, hata akiwa ndiye mkubwa na ndiye anayeishi humo.

Tatu, tafuta mbia. Mali ikiwa ya shirika, ambayo haijagawanywa, mbia ana haki ya shufaa: anaweza kuichukua sehemu inayouzwa kwa bei ile ile kabla ya mgeni. Shafii humpa haki hiyo mbia tu. Hanafi humwongeza jirani. Kumuuliza mapema kunaokoa safari za kwa kadhi.

Nne, andika mipaka, bei, namna ya malipo na tarehe ya kukabidhi. Weka saini za mashahidi. Kisha badilisha jina katika hati. Mkataba uliofungiwa kabatini na hati inayobaki na jina la mtu wa zamani ni sawa na zile tende za Ghaba.

Anayenunua kwa msaada wa benki ya Kiislamu naye asiishie kwenye jina la mkataba. Kenya ilipata benki zake mbili za kwanza za aina hii mwaka 2008, First Community Bank na Gulf African Bank, na Tanzania ikapata Amana Bank mwaka 2011. Mkataba unaojulikana zaidi ni murabaha: benki inanunua kitu, kinakuwa chake, kisha inamuuzia mteja kwa faida iliyotajwa wazi. Kiini kiko katika neno "kinakuwa chake". Uliza: gari likiungua bandarini kabla ya kukabidhiwa, hasara ni ya nani? Ikiwa mteja ndiye anayebeba hasara kabla benki haijamiliki chochote, hapo hakuna kuuza, kuna kukopesha kwa nyongeza.

CHA MUME, CHA MKE

Katika fikihi, ndoa haiunganishi mali. Aya ya 32 ya Suratun Nisaa inawapa wanaume fungu la walichochuma na wanawake fungu la walichochuma. Mahari ni ya mke, si ya baba yake. Bibi Khadija alikuwa mfanyabiashara mwenye misafara kabla ya kuolewa na Mtume, na mali yake ilijulikana kuwa yake.

Zanzibar ina mfano wake. Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, alipofariki mwaka 1856, binti yake Salme, mwenye umri wa miaka 12, alirithi fedha pamoja na shamba lenye nyumba. Katika Uingereza ya wakati huo, mali ya mwanamke aliyeolewa kwa kawaida iliingia mikononi mwa mumewe. Ukweli mwingine usifichwe: mashamba ya enzi ile yalilimwa na watumwa, na jasho lao halikuwamo katika hesabu ya mirathi ya mtu yeyote.

Mali kutengana ni ulinzi kwa mke mwenye kipato chake. Kwa mke aliyetia jasho bila karatasi inaweza kuwa hasara. Amepokea fedha za kikoba akanunua mabati, ameuza maandazi akalipa fundi, na kiwanja kina jina la mume. Tanzania Bara, kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huiruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Njia fupi kuliko mahakama ni ya Kiislamu yenyewe: wanandoa waandikiane ushirika. Kama mke ametoa theluthi ya gharama, iandikwe kwamba theluthi ya jengo ni yake. Mume akitangulia, theluthi hiyo inatolewa kwanza, haiingii katika mirathi. Kisha mke anachukua fungu lake la mirathi katika kilichobaki.

HAKI YA WENGINE NDANI YA CHAKO

Mali ikishakuwa halali na hati ikiwa safi, bado haijawa ya mmiliki peke yake. Zaka ni haki ya wengine iliyomo ndani yake, na hesabu zake si ngumu.

Nyumba unayoishi haina zaka, wala gari unalotumia. Nyumba ya kupangisha haitolewi zaka ya thamani yake. Kodi inayobaki ikijumlishwa na akiba nyingine, ikafika nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolewa zaka, ambacho ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, na kuzungukiwa na mwaka wa Kiislamu, hutolewa asilimia 2.5. Kiwanja kilichonunuliwa kwa nia ya kuuzwa ni bidhaa. Mwenye viwanja vitatu vya biashara vyenye thamani ya shilingi milioni 60 leo, hata kama alivinunua kwa milioni 20, atatoa milioni 1 na laki 5.

Kwa mkulima, nisabu ni wasaki 5, yaani takriban kilo 653 za nafaka. Mpunga ulionyweshwa na mvua hutolewa asilimia 10; uliomwagiliwa kwa pampu au kwa ndoo, asilimia 5. Karafuu za Pemba zina mjadala wake: katika fikihi ya Shafii, zaka ya mazao huhusu vyakula vinavyohifadhika na kukidhi njaa kama mpunga, mtama na tende. Karafuu haipikwi ikaliwa, kwa hiyo mkulima wake huangalia fedha aliyoiweka baada ya kuuza.

Nia ya mpango huu imetajwa katika aya ya 7 ya Suratul Hashr: mali isiwe inazunguka mikononi mwa matajiri tu. Umar aliitegemea sura hiyo alipokataa kuwagawia askari mashamba ya Iraki yaliyotekwa. Bilal bin Rabah (si yule bin Harith wa Aqiq) na wenzake walidai ni ngawira yao. Umar akahofia kwamba vizazi vijavyo vitakuta ardhi yote ina wenyewe, akawaacha wakulima mashambani mwao na kuwatoza kodi ya ardhi iliyoingia hazina ya umma.

VISIVYOKUWA VYA MTU

Kuna vitu ambavyo hakuna fedha inayotosha kuvifanya vyako. Abyadh bin Hammal alitoka Yemen akamwomba Mtume ampe chumvi ya Maarib, akapewa. Alipokwisha kuondoka, mtu mmoja akamweleza Mtume kwamba alichokitoa kilikuwa kama maji yasiyokauka, kitu kinachochotwa na kila anayefika. Mtume akakirudisha. Katika hadithi nyingine watu walitajwa kuwa ni washirika katika maji, malisho na moto.

Kutoka hapo wanazuoni walijenga kanuni za mali ya umma. Mwanazuoni wa Iraki, Muhammad Baqir al-Sadr, katika kitabu chake Iqtisaduna cha mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliupanga umiliki katika mafungu matatu, la mtu binafsi, la umma na la dola, akasisitiza kwamba Uislamu hauchukui moja na kuyafanya mengine kuwa dharura tu. Ndiyo maana haufanani na ubepari wala ujamaa, ingawa kila upande umejaribu kuuvuta kwake.

Kwa mwenye kiwanja, kanuni hii ina matokeo ya kila siku. Njia ya kwendea kisimani na ufukwe wa kupakia samaki huenda vimepakana na uzio wake, lakini si vyake kuvifunga. Kisima alichokichimba mwenyewe ni chake, ila maji yaliyozidi mahitaji yake asimnyime mwenye kiu. Uthman bin Affan alikwenda mbali zaidi: alikinunua kisima cha Ruma, Madina, ambacho maji yake yalikuwa yakiuzwa, akawaachia watu wachote bure.

Umma nao una mipaka kwa mtu binafsi. Umar alipoupanua Msikiti wa Makka, alizinunua nyumba zilizouzunguka. Za waliokataa kuuza zilibomolewa, na fedha zao zikawekwa mpaka walipokuja kuzichukua. Barabara inaweza kupita sebuleni kwa mtu, lakini haipiti bila fidia.

MILANGO MITATU YA KUTOA UNGALI HAI

Mwenye mali anayetaka kitu kimfikie mtu fulani ana milango mitatu, na kila mmoja una kufuli lake.

Hiba hukamilika kwa kukabidhi. Baba anayempa mwanawe nyumba aondoe vitu vyake, atoe funguo, ashuhudishe na abadilishe hati. Akitaka kuendelea kuishi humo, mtoto amkaribishe au waandikiane upangaji. Katika Shafii, mzazi anaweza kuirudisha hiba aliyompa mwanawe maadamu mtoto bado anaimiliki. Pia asibague: baba yake Nuuman bin Bashir alimpa mwanawe huyo peke yake zawadi, akamwendea Mtume amshuhudie, naye Mtume alikataa alipojua kwamba watoto wengine hawakupewa. Hiba ya mtu aliye katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia.

Wasia hufanya kazi baada ya kifo na hauzidi theluthi ya mali. Saad bin Abi Waqqas, tajiri aliyekuwa na binti mmoja, alitaka kutoa theluthi mbili. Mtume akamshusha mpaka theluthi na kumwambia hata hiyo ni nyingi. Mrithi hausiwi, ila wenzake wakiridhia. Wasia basi ni mlango wa wasiorithi: mtoto wa kulea, ndugu wa dini nyingine, na hasa mjukuu yatima ambaye baba yake alifariki kabla ya babu, kwa kuwa ami zake wakiwepo humzuia asirithi. Misri ilimwekea mjukuu huyo wasia wa lazima kwa sheria ya mwaka 1946. Babu wa huku asingoje sheria, achukue kalamu.

Wakfu ni mlango wa tatu. Umar alipata ardhi nzuri Khaibar, akamuuliza Mtume afanye nini nayo. Jibu likawa asili izuiwe na matunda yatolewe: isiuzwe, isitolewe hiba, isirithiwe. Misikiti mingi ya mwambao, makaburi, visima na nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimesimama juu ya jibu hilo. Unguja na Pemba, mali hizo husimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kenya ina makamishna wa wakfu chini ya sheria ya mwaka 1951.

Wakfu mwingi hauporwi, hubomoka. Mwenye kuweka wakfu aandike nini hasa anakizuia, nani wa kunufaika, nani msimamizi na nani atamrithi usimamizi, na walengwa wakitoweka matunda yaende wapi. Aandike pia jambo ambalo fikihi inalitanguliza na wasimamizi hulisahau: kodi ya kwanza ni ya matengenezo.

KINACHOBAKI HUGAWIWA

Mtu akifariki, kuna mpangilio usiorukwa: gharama za mazishi, madeni, wasia, kisha warithi. Mahari ambayo hayakulipwa ni deni, na zaka iliyolimbikizwa ni deni. Mafungu yenyewe yamo katika aya za 11, 12 na 176 za Suratun Nisaa.

Tuseme marehemu ameacha mke, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Wazazi wake walishatangulia. Mali yote ni shilingi milioni 96. Mazishi na madeni ni milioni 8, na aliusia milioni 8 kwa mjukuu yatima, kiasi ambacho hakijafika theluthi ya milioni 88. Zinabaki milioni 80. Mke ana thumuni, yaani milioni 10. Zilizobaki, milioni 70, zinakatwa mafungu matano: kila mvulana mawili, milioni 28, binti moja, milioni 14.

Fedha hugawanyika, nyumba haigawanyiki, na hapo ndipo familia nyingi hukwama. Njia ni tatu. Waiuze na kugawana. Waimiliki kwa ushirika, kila mtu na asilimia yake katika maandishi, na kodi igawiwe kwa asilimia hizo. Au mmoja awalipe wenzake watoke. Wanazuoni huiita njia hii ya mwisho takharuji, nayo ni ya zamani: mmoja wa wajane wa Abdulrahman bin Auf, Tumadhir, alikubali kulipwa fedha nyingi badala ya kungoja fungu lake. Njia isiyokuwepo ni ya kuiacha nyumba ya babu ikae tu. Mrithi mmoja akifariki kabla ya kugawa, fungu lake nalo linagawiwa kwa warithi wake, na baada ya vizazi vitatu chumba kimoja kinaweza kuwa na wenyewe 40, wengine Muscat, wengine London, na hakuna anayetaka kulipia bati.

Kenya, ibara ya 170 ya Katiba ya mwaka 2010 inaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka ya mirathi pale pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda huko. Zanzibar, mirathi ya Waislamu huenda kwa kadhi. Tanzania Bara, familia hufungua shauri la mirathi, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, ambako msimamizi huteuliwa na sheria ya Kiislamu huweza kutumika. Msimamizi si mrithi mkuu: anakusanya, analipa, anagawa, anarudisha hesabu mahakamani.

Kabla ya kugawa, uliza swali moja zaidi: mjane ana ujauzito? Kilichomo tumboni ni mrithi, na fungu lake huwekwa mpaka azaliwe.

Abubakar hakulisahau. Alipomwambia Aisha kwamba tende zile sasa ni za warithi, aliwataja: kaka zake wawili na dada zake wawili. Aisha akashangaa, maana alimjua dada mmoja tu, Asma; wa pili ni nani? Baba akajibu kwamba yumo tumboni mwa mkewe, binti wa Kharija, na kwamba anadhani ni mtoto wa kike. Akafariki. Mtoto akazaliwa, akawa wa kike, akaitwa Ummu Kulthum, na fungu lake likawa limekwisha kuingia katika hesabu ya mirathi ya baba ambaye hakuwahi kumwona.